Kupaua kibaraza nyumbani Mbeya na mikoa jirani: maswali ya kibali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka mvua zikianza kukata, mwezi wa nne wa tano hivi, watu wa Mbeya wanakumbuka vibaraza. Mwingine anataka kivuli cha kukaa na wageni, mwingine kachoka gari kulala nje na mvua ya mawe, mwingine jiko lake la nje linaloana. Mimi nachora ramani za nyumba, sio afisa wa jiji, lakini nimesimama kwenye madirisha ya halmashauri vya kutosha na maswali ninayoulizwa ni yaleyale, sa nimeyaweka hapa yote.

## Tuanze na ya msingi

Ni kibaraza tu jamani, nacho kinataka kibali?

Ndio, kinataka. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaongelea kuendeleza ardhi, haiulizi kama umeweka ukuta au hujaweka. Ukichimba msingi, ukasimamisha nguzo, ukafunga kenchi na bati juu yake, hapo umeongeza jengo, na nyongeza inaombewa kibali kama nyumba ilivyoombewa. Najua fundi kakwambia "hiki kidogo, hawaangalii". Fundi akishalipwa anaenda saiti nyingine Uyole, notisi inabandikwa mlangoni kwako sio kwake.

Kuna ambacho naweza kufanya bila kibali?

Kupaka rangi, kupiga sakafu ya kibaraza kilichopo, kufunga turubai au mwavuli wa kutoa na kurudisha, hivo hakuna wa kukusumbua. Kubadilisha bati lililooza kwenye kenchi ileile mara nyingi inahesabika ukarabati mdogo, ila halmashauri nyingine zinataka uandike barua ya kuomba hata kwa ukarabati mdogo, kwa hiyo uliza dirishani kabla hujapandisha watu juu.

Pagola ndio inaleta ubishi. Mbao za urembo zilizo wazi juu, maua yametambaa, wengi wanaiacha. Siku ukiweka bati au plastiki ngumu ya kupitisha mwanga juu yake, imeshakuwa paa na tunarudi swali la kwanza.

Mwenyekiti wa mtaa ameniruhusu, si inatosha?

Haitoshi. Barua ya mwenyekiti au ya mtendaji wa mtaa inakutambulisha tu kwamba unakaa pale na eneo halina mgogoro unaojulikana. Kibali kinatoka kwa mkurugenzi wa halmashauri baada ya watu wa mipango miji, ardhi, uhandisi na afya kupitia michoro.

Niende halmashauri ipi?

Usicheke, watu wanapoteza siku nzima kwa hili. Kama upo Ilomba, Iyunga, Forest, Nzovwe au Uyole, unaenda Jiji la Mbeya. Ukikaa Mbalizi, hata kama daladala ni ileile na kazi unafanya mjini, upo Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Tukuyu ni Rungwe. Iringa mjini ni Manispaa, na Njombe na Makambako kila mmoja una halmashauri yake ya mji. Maombi mengi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, lakini hata ukiombea kwenye simu halmashauri unayoichagua ndio itakayoamua, sa ukikosea hapo unaanza upya.

## Karatasi na michoro

Nibebe nini?

Uthibitisho kwamba kiwanja ni chako: hati, au barua ya toleo ile tunayoiita ofa, au leseni ya makazi. Kitambulisho. Risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, hii ndio inawarudisha watu wengi kuliko kitu kingine chochote kwa sababu mtu ana deni la miaka sita na alikuwa kasahau kabisa. Nakala ya kibali cha nyumba iliyopo kama unacho. Barua ya mtaa. Alafu michoro, seti zaidi ya moja, idadi kamili utaambiwa kwenye fomu ya halmashauri yako.

Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ni kitu kingine. Mtu ananiambia "mbona mi nalipa kila mwezi kwenye umeme". Hiyo ni ya jengo. Pango ni la ardhi, unalilipa kwa kontroli namba yake.

Lazima michoro? Siwezi kumweleza afisa kwa mdomo?

Lazima. Lakini kwa kibaraza sio michoro ya kutisha. Anataka aone kiwanja chote na nyumba ilipo, nyongeza ikiwa imetofautishwa na jengo la zamani, umbali kutoka kila nguzo mpaka kwenye mpaka wa kiwanja, paa limeinamia upande gani, na mkato unaoonyesha msingi wa nguzo, urefu wake na jinsi paa jipya linavyoshikana na la zamani. Namba ya kiwanja na kitalu zikae pale juu, na mshale wa kaskazini.

Kitu kimoja nakisema kila siku na watu hawanisikii: pima nyumba ilivyo, usimpe mchoraji ramani ya zamani. Nyumba nyingi huku zilijengwa tofauti na ramani, fundi alisogeza chumba hapa akaongeza stoo kule, afisa akija saiti na ile karatasi anaona nyumba mbili.

Nani anaruhusiwa kuchora?

Msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, au ofisi iliyosajiliwa. Vijana wa stationari wanaochora kwenye kompyuta wapo wengi pale Mafiat na Mwanjelwa na wengine wanajua kazi kweli, ila mchoro ukikosa mhuri na sahihi ya aliyesajiliwa unaweza kurudishwa. Muulize kabla hujalipa, mhuri ni wa nani, na huyo mwenye mhuri ameiona kazi au ameuza mhuri tu.

Sina hati, eneo langu halijapimwa. Nifanyeje?

Hapa ndio kugumu, na Mbeya watu wa hivi ni wengi, milimani huko Isanga na Iganzo nyumba zilitangulia kabla ya mpima. Kama mtaa wako umepita kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kupangwa upya maeneo yaliyojengwa kiholela, chukua namba ya kiwanja iliyoko kwenye mchoro wa mipango miji uanze nayo, fuatilia umilikishwaji. Kama haujapita, nenda kwa afisa mipango miji na mkataba wako wa mauziano na barua ya mtaa, muulize eneo limepangwa kuwa nini. Usiogope kuuliza. Bora uambiwe mapema kwamba kibaraza chako kinakaa katikati ya barabara iliyochorwa kuliko kuambiwa bati likiwa juu.

Nyumba yenyewe haikuwa na kibali. Nikiomba cha kibaraza si najichoma?

Unajichoma kidogo, ndio. Wanaweza kukutaka uwasilishe michoro ya nyumba nzima kama ilivyo sasa pamoja na nyongeza, na ulipe ada na faini kulingana na taratibu zao. Ushauri wangu, lipia yote kwa mpigo mmoja. Nyumba isiyo na kibali inakuumbua siku ya kuuza au siku ya benki, na siku hizo hazingojei ujipange.

## Nguzo inasimama wapi, maji yanadondokea wapi

Ukiwa na haraka soma sehemu hii tu. Maombi ya kibaraza niliyoona yakikwama, ukitoa yale ya deni la pango, karibu yote yamekwama kwenye moja ya haya mawili.

Nguzo iwe mbali kiasi gani na mpaka?

Mafundi watakwambia mita moja na nusu pembeni, na utaisikia hiyo kila mahali. Lakini nafasi inayotakiwa mbele, pembeni na nyuma inategemea ukubwa wa kiwanja na mpango wa eneo lako, kwa hiyo inayokufunga ni ile utakayopewa na afisa mipango miji, sio ya fundi. Pia kuna kiwango cha sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa. Kama una nyumba kubwa, banda la kuku, vyumba vya uani na paking, kibaraza kinaweza kuwa ndio kinachokuvusha kiwango.

Na tafuta bikoni kwanza, lile jiwe la mpima linaloonyesha kona ya kiwanja. Ukuta wa fensi sio mpaka. Nimeona fensi imeingia kwa jirani mita nzima na wote wawili wameishi nayo kwa amani mpaka siku ya kibaraza.

Maji ya bati yakidondokea kwa jirani kuna shida gani, si ni mvua ya Mungu?

Mvua ni ya Mungu, bati ni lako. Piga hesabu kidogo: kibaraza cha mita nne kwa tatu kina eneo la mita za mraba 12, mvua ya milimita 20, ambayo kwetu huku ni ya kawaida tu, inashusha lita 240 kutoka kwenye bati hilo. Zaidi ya pipa zima, kwenye mstari mmoja, kwenye udongo wa jirani yako.

Mimi mwenyewe nilifanya ujinga huo. Nilipaua kibaraza cha uani kabla sijaanza kazi hii, bati likainamia kwa jirani mama mmoja mtu mzima ambaye alikuwa ananiita mwanangu, nikasema gata nitafunga hela ikipatikana. Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ilichimba mfereji chini ya ukuta wa jiko lake. Hakunifokea. Aliniita akanionyesha ufa, akasema "mwanangu, njoo uone maji yako". Nililipia ukuta, nikafunga gata, na kenchi nikaigeuza mwaka uliofuata, kwa hiyo nililipa fundi mara tatu kwa kibaraza kimoja.

Kwenye mchoro onyesha gata, bomba la kushushia na maji yanakoenda, iwe tenki, mtaro au shimo la kunyonya ndani ya kiwanja chako. Afisa afya anaangalia hicho, na kiwanja cha mteremko anaangalia mara mbili.

Nyumba yangu ipo barabarani, niangalie nini?

Barabara ya nani? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaani ziko TARURA. Kwenye barabara kuu kama TANZAM, ile ya kwenda Zambia, hifadhi ya barabara, eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, tangu Sheria ya Barabara ya 2007, zamani ilikuwa mita 22.5. Wengi bado wanapimia kamba ya zamani. Na kwa walioko kati ya Nsalaga na uwanja wa ndege wa Songwe, barabara ya njia nne inapita hapo, sitaki kusikia mtu anasogeza kibaraza mbele ya duka lake eti kwa sababu kuna nafasi. Nafasi hiyo ina mwenyewe.

Wa Iyunga na kwingine karibu na TAZARA, reli nayo ina hifadhi yake, uliza kabla.

Nipo karibu na mto.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Nyumba yako kuwepo hapo tayari haikupi ruhusa ya kuongeza. Kibaraza cha kutazama mto ni kizuri lakini utakikosa.

Nguzo ikiangukia juu ya karo au chini ya waya za umeme?

Karo usijaribu, mfuniko haukutengenezwa kubeba paa na siku ya kunyonya gari litapitia wapi. Waya za TANESCO waite wenyewe waje waone. Bati refu likiinuliwa na vijana wawili juu ya ngazi linagusa waya kirahisi kuliko unavyodhani.

## Hela na muda

Kibali bei gani?

Inategemea halmashauri na ukubwa au thamani ya unachojenga, kwa hiyo namba ya shemeji yako wa Dodoma haikusaidii. Kitu cha uhakika ni kwamba unalipa kwa kontroli namba, benki au kwenye simu, na risiti inatoka. Mtu akikwambia mpe mkononi atakusukumia, jua unalipia ahadi. Gharama inayowashtua watu ni ya michoro, na deni la pango (nimeshasema kwenye swali la nibebe nini).

Inachukua muda gani, na niombe lini?

Faili lililokamilika linatembea, lenye kasoro linalala. Mi nawaambia watu wapeleke mwezi wa tatu au wa nne, ili mvua ikikata mwezi wa tano uwe na karatasi na ujenge kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa kumi. Ukianza kuomba mwezi wa tisa utajikuta unachimba msingi wa nguzo kwenye matope ya mwezi wa kumi na moja. Rungwe ndio kabisa, huko mvua haijui kalenda.

Naweza kuanza kuchimba wakati nasubiri?

Hapana. Mkaguzi wa majengo akikuta saiti inaendelea anaandika zuio, na faili lako lililokuwa linatembea sasa lina kesi ndani yake. Nunua mbao zikauke, hiyo ruksa.

Kibali kikitoka nakaa nacho mpaka lini?

Soma masharti yaliyoandikwa nyuma au kwenye barua yake, kuna muda wa kuanza na wa kumaliza. Kuna pia hatua za kumwita mkaguzi, kama kabla ya kufukia msingi. Watu wanaweka kibali kwenye fremu ukutani bila kukisoma.

## Kenchi, upepo na mbao

Kibaraza hakina ukuta, mhandisi anaangalia nini?

Anaangalia hichohicho, kwamba hakina ukuta. Upepo unaingia chini ya paa lililo wazi na kulisukuma juu, sa tatizo la kibaraza sio kuanguka ni kupaa. Upepo wa mwezi wa nane wa tisa kule Makambako na Mafinga unaujua. Kwa hiyo nguzo ifungwe kwenye zege la msingi, sio kusimamishwa juu ya sakafu na kupigiliwa misumari. Mbao za kenchi zifungwe kwa hupu ayani (mkanda wa chuma) au bolti mpaka kwenye nguzo. Na upande wa nyumba zishikwe kwenye linta au ringi bimu, yaani mkanda wa zege wa ukutani, sio kwenye tofali la kuchoma kwa msumari wa nchi nne.

Kwa nini kibaraza changu kinavuja pale kinapokutana na nyumba?

Mara nyingi kwa sababu fundi alikilaza. Bati la nyumba linaishia chini, tuseme mita 2.5 kutoka sakafuni, ukitoa kibaraza cha mita tatu chenye mwinamo wa nyuzi kumi tu ncha inashuka karibu nusu mita, inabaki mita mbili na mtu mrefu anainama. Fundi kuona hivyo anapunguza mwinamo, maji yanasimama, yanarudi ndani. Suluhisho ni kukiinua juu ya bati la nyumba kwa nguzo zake au kukipunguza upana, na hilo linaamuliwa kwenye mchoro, huwezi kuliamulia juu ya ngazi.

Mbao gani, bati gani?

Misonobari ya Sao Hill iliyotiwa dawa inatosha kabisa, tunakaa karibu nayo, usiagize mbali. Bati kumbuka namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, 30 ni jembamba kuliko 28, na mvua ya mawe ya huku inaijua tofauti hiyo.

## Kesi za pembeni

Nimeshajenga tayari na nimeletewa notisi.

Usiifiche chini ya godoro. Ina tarehe. Simamisha kazi, nenda na notisi yenyewe kabla tarehe haijapita, uliza kama nyongeza inaweza kurasimishwa kwa kuleta michoro na kulipa faini. Ikiwa ipo ndani ya kiwanja na haijavuka nafasi za pembeni, mara nyingi kuna mazungumzo. Ikiwa ipo kwenye hifadhi ya barabara au mto hakuna cha kurasimisha, toa bati lako mapema ukiwa bado unaweza kulitumia kwingine.

Jirani amekubali nijenge mpakani, tumeandikishana kwa balozi.

Vizuri kwa ujirani, ila makubaliano yenu hayafuti nafasi za pembeni. Jirani huyo akiuza, mnunuzi hajaandikishana na wewe. Rudi kwenye swali la nguzo na mpaka.

Mimi ni mpangaji.

Muombaji ni mwenye kiwanja. Pata ridhaa yake kwa maandishi, na humohumo muandike kibaraza kitakuwa cha nani ukihama na kama utakata kwenye kodi.

Nyumba ni ya marehemu baba.

Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndio anaomba. Kaka mkubwa kuwa kaka mkubwa hakumfanyi msimamizi. Na kabla hujaweka hela yako kwenye kibaraza cha nyumba ya watoto saba, kaeni kwanza.

Nataka kukifanya saluni au duka baadaye.

Sema ukweli tangu mwanzo. Kiwanja cha makazi kugeuzwa biashara ni mabadiliko ya matumizi, ni ombi jingine lenye njia yake. Ukiomba kivuli cha kukalia alafu ukazungushia vioo na kuning'iniza bango, utafuatwa na watu wa mipango miji na wa leseni siku moja.

Nyumba ipo rehani benki.

Soma mkataba wa mkopo, mingi inataka ridhaa ya benki kabla ya kubadilisha jengo. Barua moja tu, iandike.

Nataka kukiweka juu ya slabu ya ghorofa.

Hapo hatuongelei kibaraza tena, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi, akupigie hesabu za jengo zima. Mimi kazi hiyo siigusi.

Nipo kijijini kabisa, Ileje huko.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, anzia kwa mtendaji wa kijiji na uulize sheria ndogo za wilaya yenu. Kama kijiji kimeshatangazwa kuwa eneo la mipango miji, na vijiji vingi vya kando ya lami vinaelekea huko, taratibu za juu zinakuhusu zote. Maji ya bati kwa jirani yanakuhusu popote ulipo.